Jinsi ya Kuanza Utafiti wa Fasihi ya Kiingereza Katika Ngazi ya Uzamili

Mwanafunzi anapoingia uzamili wa fasihi ya Kiingereza, swali analokutana nalo mapema ni hili: "Unatumia nadharia gani?" Anaulizwa hivyo kabla hajaulizwa ni kitu gani katika riwaya au shairi kilichomkosesha usingizi. Matokeo yake ni tasnifu yenye kichwa kinachosomeka kama fomu iliyojazwa, jina la riwaya huku na jina la nadharia kule, na sura ndefu ya nadharia ambayo haiguswi tena mpaka hitimisho. Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo. Unaanza na matini, unafika kwenye swali, na nadharia inaingia pale swali linapoihitaji.

Nitatumia riwaya moja tangu mwanzo hadi mwisho, Frankenstein ya Mary Shelley, ili uone kila hatua ikifanya kazi juu ya kitu kilekile. Weka mahali pake kazi yoyote unayoitafiti.

Hatua ya 1: Jua unasoma toleo gani

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoweza kuangusha hoja nzima. Frankenstein ilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi. Mwaka 1831 Mary Shelley aliitoa upya, akiwa ameibadilisha na kuiongezea utangulizi wake mwenyewe. Katika toleo la 1818 Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, yaani mwanasayansi anayeumba kiumbe hai, ni binamu yake. Katika lile la 1831 ni mtoto asiye wa damu yao, aliyechukuliwa kutoka kwa familia ya wakulima maskini nchini Italia. Victor wa 1831 pia anayataja majaaliwa zaidi, kana kwamba yaliyomfika hayakuwa mikononi mwake. Sasa fikiria unaandika kuhusu ndoa ndani ya ukoo, au kuhusu nani anabeba lawama. Jibu lako linategemea kitabu ulichoshika.

Kwa Shakespeare hali ni nzito zaidi. Hamlet iliyochapishwa mwaka 1603 ni fupi mno kuliko ile iliyofuata mwaka 1604 na 1605, na ile ya mkusanyiko mkubwa wa 1623 inatofautiana na zote mbili. Anayesema "katika Hamlet" bila kutaja ni ipi hajasema kitu kamili.

Kuna kisa maarufu ambacho kila mtafiti wa fasihi angepaswa kukijua. F. O. Matthiessen, mhakiki mkubwa wa Marekani, katika kitabu chake cha 1941 alimsifu mwandishi wa riwaya Herman Melville kwa kifungu cha riwaya ya White-Jacket (1850), pale msimulizi anapoanguka baharini kutoka kwenye mlingoti na kuguswa na kitu majini. Kifungu kilisema "soiled fish of the sea", samaki mchafu, na Matthiessen akalifafanua neno hilo kama ushahidi wa kipaji cha pekee cha Melville. Mwaka 1949 John W. Nichol alionyesha kwamba Melville aliandika "coiled", samaki aliyejikunja. Herufi moja ilikosewa na wachapaji wa toleo la baadaye, na ufafanuzi wote ukasimama juu ya kosa lao. Matthiessen hakuwa mvivu wala hakukosa akili. Aliliamini toleo alilokuwa nalo.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza kusoma, tafuta toleo la kitaaluma, lenye mhariri anayeeleza amefuata matini ipi na kwa nini. Yasome maelezo yake kuhusu matini kabla ya sura ya kwanza. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lako andika mhariri, mwaka, na toleo asilia alilolifuata. Nakala za bure za intaneti ni nzuri kwa kutafuta neno limetokea wapi, lakini mara nyingi hazisemi zimetoka toleo gani, kwa hiyo usizinukuu kwenye tasnifu.

Hatua ya 2: Soma mpaka kitu kikukwame

Usomaji wa kwanza ni wa kufuata hadithi. Wa pili ni wa kalamu mkononi, na hapo unatafuta jambo moja: mahali ambapo matini inafanya kitu ambacho haikulazimika kukifanya.

Chukua mfano. Frankenstein ni simulizi ndani ya simulizi. Kapteni Walton, nahodha aliyemwokoa Victor baharini, anamwandikia barua dada yake Margaret aliyeko Uingereza. Ndani ya barua kuna maelezo ya Victor. Ndani ya maelezo ya Victor kuna maelezo ya kiumbe aliyemuumba. Hilo kila mwanafunzi analijua. Lakini karibu na mwisho Walton anataja jambo kwa haraka: Victor aligundua kwamba maneno yake yanaandikwa, akaomba kuyaona, akayasahihisha na kuyaongezea mahali pengi, hasa katika kuyapa uhai mazungumzo baina yake na adui yake.

Simama hapo. Maneno ya kiumbe, yale yanayotutia huruma, yamepita mkononi mwa mtu anayemchukia. Na mtu huyohuyo anamwonya Walton kwamba kiumbe ana ulimi wa kushawishi na asiaminiwe. Basi ufasaha tunaousoma ni wa nani? Ukirudi nyuma utakuta jambo la pili: kiumbe anampa Victor nakala za barua za Felix na mpenzi wake Safie, watu aliowachungulia kwa siri, kama uthibitisho, na baadaye Walton anakiri kwamba barua hizo, pamoja na kumwona kiumbe kwa mbali kutoka melini, zilimfanya aamini kuliko viapo vya Victor. Riwaya inajishughulisha waziwazi na suala la ushahidi. Na Margaret, anayeandikiwa yote haya, hatusikii neno lake hata moja.

Hivyo ndivyo usomaji makini unavyofanya kazi. Huhitaji istilahi yoyote kuona haya. Unahitaji kupunguza mwendo. Kwa kila kifungu kinachokukwama, nakili maneno yenyewe pamoja na ukurasa, kisha chini yake andika sentensi mbili tatu zako: kinachosemwa, namna kinavyosemwa, na kinachokusumbua. Usiandike "hii inaonyesha dhamira ya upweke". Ukishaandika hivyo umefunga mlango kabla ya kuingia. Andika "kwa nini Walton analitaja hili hapa, na kwa sentensi moja tu?" Vifungu kumi vya namna hiyo vina thamani kuliko muhtasari wa riwaya nzima.

Hatua ya 3: Geuza mkwamo uwe swali

Mada si swali. "Usimulizi katika Frankenstein" ni mada, na unaweza kuiandikia kurasa mia mbili bila kudai lolote. Ipunguze: "Usimulizi na uaminifu katika Frankenstein." Bado haijauliza kitu. Endelea: "Ikiwa Victor amesahihisha maneno ya kiumbe, riwaya inampa msomaji njia gani ya kupima ushahidi wa kiumbe huyo?" Hapo pana swali. Linaweza kujibiwa kwa kurudi kwenye matini, watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, na linakulazimisha uangalie vitu fulani, yaani barua, nakala, mashahidi na masahihisho, na kuviacha vingine.

Lijaribu swali lako kwa kuandika majibu mawili yanayopingana. Ukishindwa kupata jibu la pili lenye nguvu, ujue umeandika tamko na kuliwekea alama ya kuuliza. Maswali ya "ni kwa kiasi gani" mengi huanguka hapa, maana jibu lake daima ni "kwa kiasi kikubwa".

Jingine: usitafute swali kubwa ili tasnifu ionekane kubwa. Swali dogo lililochimbwa hadi chini hubeba mambo makubwa lenyewe. Hili la masahihisho ya Victor litakufikisha kwenye mamlaka, haki, ushahidi wa wasio na sauti, na jinsi vitabu vinavyotengenezwa, hata kama hukupanga.

Hatua ya 4: Wajue waliokutangulia

Anza na MLA International Bibliography, orodha kuu ya kazi za kitaaluma kuhusu fasihi na lugha, ambayo maktaba nyingi za vyuo hujiunga nayo. Halafu nenda JSTOR na Project MUSE, hazina za majarida mtandaoni, kupata makala zenyewe. Angalizo moja kuhusu JSTOR: majarida mengi humo yana ukuta wa muda, na makala za miaka ya karibuni, kwa kawaida mitatu hadi mitano, hazionekani. Aliyetafuta humo peke yake huleta mapitio yanayoishia miaka kadhaa nyuma, na msomaji wake ataliona hilo mara moja.

Ukipata makala moja nzuri, itumie kwenda pande mbili. Tanbihi zake zitakupeleka nyuma kwa waliotangulia. Google Scholar itakuonyesha nani ameitaja tangu ilipotoka, na hiyo itakupeleka mbele. Jina linalojirudia kila unakogeuka ni la mtu usiyeweza kumkwepa.

Usisome kila makala kuanzia neno la kwanza. Soma mwanzo mpaka ulione dai, nenda mwisho uone limefika wapi, kisha amua kama inastahili saa zako. Kwa zile zinazostahili, andika mambo manne: anadai nini, ushahidi wake ni vifungu vipi, anabishana na nani, na kitu gani katika matini amekipita bila kukiona. Hilo la nne ndilo litakalokupa nafasi yako.

Na unapoandika mapitio, wapange watu kwa ubishi wao. Mapitio ya "Fulani (1990) alisema, Fulani (1996) alisema, Fulani (2004) alisema" ni orodha ya mahudhurio. Onyesha pande: hawa wanamwamini kiumbe, hawa wanamshuku, hawa wanasema suala la kuamini halipo kabisa. Wewe unasimama wapi, na una kifungu gani ambacho wao hawakukitumia? Usijitetee kwa kusema hakuna aliyewahi kuandika kuhusu jambo lako. Huwezi kulithibitisha, na hata lingekuwa kweli, halijasema kwa nini jambo hilo linafaa kuandikwa.

Hatua ya 5: Sasa, nadharia

Kila nadharia ilizaliwa na mtu aliyekuwa anabishana na mtu. Ukiujua ugomvi, nadharia inaeleweka; ukikariri mihimili, inabaki maneno.

Mhakiki I. A. Richards aliwapa wanafunzi wa Cambridge mashairi bila jina la mshairi wala tarehe, akakusanya maoni yao, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Alionyesha kwamba hata wasomi walikuwa wakisoma sifa ya mshairi na kuliacha shairi. Wimsatt na Beardsley, mwaka 1946, walisema nia ya mwandishi haiwezi kuwa kipimo cha kazi yake. Roland Barthes alilipeleka mbali zaidi mwaka 1967 kwa kutangaza kifo cha mwandishi, yaani kwamba maana ya matini haiamuliwi na aliyeiandika, na Michel Foucault mwaka 1969 akauliza jina la mwandishi linafanya kazi gani katika jamii. Katikati ya hayo, mwaka 1966, Jacques Derrida alikuwa ametoa mhadhara wake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambao kwa wengi ndio uliofungua mlango wa udenguzi Marekani, yaani usomaji unaosaka mahali matini inapojipinga yenyewe, katika mkutano ulioitishwa kuujadili umuundo, nadharia inayotafuta mifumo iliyo chini ya matini.

Upande mwingine, Chinua Achebe mwaka 1975, katika mhadhara kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, alimshutumu Joseph Conrad kwa ubaguzi wa rangi na kwa kuigeuza Afrika kuwa mandhari tu ya kuporomoka kwa akili ya Mzungu. Wahakiki walikuwa wameisoma Heart of Darkness, kazi ya Conrad inayotokea Afrika, kwa miongo mingi na hawakulifanya hilo kuwa swali la msingi. Mwaka 1978 Edward Said akatoa kitabu chake kuhusu namna Magharibi ilivyoiunda Mashariki katika maandishi. Hapo ndipo nguvu ya nadharia inapoonekana: inakufanya uone kilichokuwa mbele ya macho siku zote.

Turudi kwenye riwaya yetu. Ellen Moers, katika miaka ya 1970, aliisoma kama hadithi ya kuzaa na hofu zake, akikumbuka kwamba mama yake Mary Shelley alifariki siku chache baada ya kumzaa mwaka 1797, na kwamba Mary mwenyewe alifiwa na mtoto mchanga mwaka 1815. Franco Moretti alimwona kiumbe, asiye na jina na aliyeunganishwa vipande vipande, kama taswira ya tabaka la wafanyakazi lililoundwa na mfumo unaoliogopa. Gayatri Spivak, mwaka 1985, aliiweka pamoja na Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë, na kuuliza nafasi ya ubeberu katika riwaya hizo, na alimtazama Safie, na Margaret anayepokea barua.

Kwa hiyo ukitaka kumtumia Spivak kwenye Frankenstein, yeye keshafika hapo. Kazi yako ni kumjibu. Amesema hivi kuhusu Margaret; mimi nina kifungu cha masahihisho; je, dai lake linasimama, linapanuka, au linapata ufa? Huko ndiko kufanya kazi na nadharia.

Kwa vitendo, fanya hivi. Chagua makala au sura moja ya mwananadharia mwenyewe, usitegemee kitabu cha utangulizi kinachomfupisha. Isome mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili, tafuta anampinga nani na alikuwa akisoma matini gani alipofikia wazo lake, maana wazo lililotokana na ushairi wa Kifaransa linaweza kuhitaji marekebisho linapofika kwenye riwaya ya Kiingereza. Mara ya tatu, liandike wazo lake kuu kwa sentensi zako, bila istilahi yake hata moja. Ukishindwa, hujalielewa bado, na si vibaya, rudi tena.

Halafu fanya jaribio ambalo mimi nalipenda kuliko yote. Toa aya zote za nadharia kwenye sura yako ya uchambuzi, uisome upya. Kama hakuna kilichobadilika, nadharia ilikuwa pambo. Ama iondoe, ama rudi uulize ni swali gani inakuuliza ambalo bado hujalijibu.

Angalia pia migongano. Huwezi kumshika Barthes mkono katika sura ya pili, kisha katika sura ya nne uthibitishe hoja kwa shajara ya Mary Shelley, bila kueleza. Inawezekana kuvipatanisha, watu wamefanya hivyo, lakini maelezo hayo ni sehemu ya kazi yako, na mtahini atayatafuta.

Hatua ya 6: Mbinu, ambayo si nadharia

Nadharia inakuambia uulize nini. Mbinu inakuambia utaufikia vipi ushahidi. Kwa swali letu, ushahidi wa kwanza ni matini ya 1818 na ya 1831, kifungu kwa kifungu, kuona kama sentensi ya Walton ilibadilika. Wa pili ni mswada: madaftari ya Frankenstein yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bodleian huko Oxford, na picha za kurasa zake zinaonekana bure mtandaoni kupitia Shelley-Godwin Archive. Humo utaona mkono wa Percy Shelley ukisahihisha sentensi za mkewe. Riwaya ambamo mtu anasahihisha maneno ya mwingine, na mswada wenyewe una masahihisho ya mtu mwingine! Kuwa mwangalifu hapo, usirukie kusema kimoja kilisababisha kingine. Lakini ni jambo la kuchunguzwa.

Maswali mengine yanadai mbinu nyingine. Anayetaka kujua riwaya ilipokelewa vipi atasoma tahakiki za magazeti ya wakati ule. Anayetaka kujua mtindo fulani ulienea vipi katika mamia ya riwaya atahitaji kompyuta na hesabu, njia ambayo Moretti aliitetea tangu mwaka 2000, na atahitaji pia kueleza vitabu hivyo mamia vilichaguliwa vipi.

Nina ombi kuhusu sura ya mbinu. Usiijaze maneno ya sayansi ya jamii kwa sababu tu kiolezo cha idara kina vichwa hivyo. Riwaya moja uliyoichagua kwa hoja si "sampuli", na kusoma si "ukusanyaji wa data maktabani". Sema wazi: nimesoma matini hizi, kwa sababu hizi, nimezilinganisha hivi, na haya siyashughulikii. Kiolezo kikikulazimisha vichwa, viweke, lakini chini ya kila kichwa andika ulichokifanya kweli.

Hatua ya 7: Madokezo na marejeleo

Tumia programu kama Zotero, ambayo ni ya bure, tangu chanzo cha kwanza. Uliza idara inataka mtindo gani. Toleo la tisa la mwongozo wa MLA, la mwaka 2021, ndilo linalotumika sana katika fasihi ya Kiingereza, ingawa baadhi hutaka mtindo wa Chicago. Katika madokezo, maneno ya mwingine yawe ndani ya alama za kunukuu na namba ya ukurasa palepale, na yako yawe na rangi au alama tofauti. Wizi mwingi wa kitaaluma huanza kwa daftari lisiloonyesha sentensi ni ya nani. Na kama unatumia programu za akili mnemba kutafuta vyanzo, fungua kila chanzo kwa macho yako kabla ya kukitaja, maana programu hizo hubuni makala ambazo hazipo, zikiwa na majina na tarehe kamili.

Hatua ya 8: Pendekezo la utafiti

Sasa una vitu vyote. Aya ya kwanza ya pendekezo ianze na kifungu kilichokukwama, si na historia ya fasihi tangu zama za kale. Ya pili itoe swali. Kisha ubishi wa waliotangulia na mahali unapoingilia, halafu mwananadharia unayejibizana naye na sababu ya kumchagua yeye, halafu toleo na ushahidi, halafu sura kwa sentensi mbili mbili kila moja. Jibu lako la muda liwemo. Wanaoanza huogopa kudai kabla ya kutafiti, lakini pendekezo lisilo na dai halimpi msimamizi kitu cha kulipinga, naye atabaki kukusahihisha tahajia.

Kabla ya kuandika pendekezo lote, mpelekee msimamizi kurasa mbili tu: kifungu chenyewe kilichonakiliwa kikamilifu, swali, jibu la muda, na majina ya wahakiki watatu unaobishana nao. Mpelekee siku kadhaa kabla ya kuonana. Mkikutana usimuulize "umeionaje?" Muulize kama kifungu hiki kinaweza kubeba dai hili, na kama yupo mhakiki anayepaswa kuwa kwenye kurasa hizo na hayupo. Majibu yake yaandike siku hiyohiyo, yatumie kuandika pendekezo lenyewe, na kichwa cha tasnifu ukiache mpaka sura ya uchambuzi ya kwanza iwe imeandikwa.